Hali ni Shwari

Tarehe 5 Oktoba 1965, kwenye milima ya upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mwanamume mmoja aliyeitwa Tatu alimwandikia barua mkuu wake aliyekuwa Havana. Vita vilikuwa vinamwendea vibaya. Siku chache kabla, mamluki walikuwa wameshuka Baraka, mji ulio kando ya ziwa, na ngome za wanamapinduzi zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine. Malaria, kuhara na pumu vilikuwa vimemkondesha. Mtu mwingine katika hali yake angeomba askari zaidi. Tatu aliandika kinyume chake. Alisema watu hawakupungua, walizidi. Alimweleza mkuu wake kwamba wageni peke yao hawawezi kuikomboa nchi ambayo wenyewe hawana moyo wa kupigana, na kwamba fedha zinazotolewa kwa viongozi wa mapinduzi zinaishia mijini, haziuoni mstari wa mbele. Akaongeza, kwa kejeli ya mtu aliyechoka, kwamba hapo alipo wenzake wanamwona yeye ndiye mwenye matumaini kupita kiasi.

Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara. Siku mbili kabla ya barua hiyo, Fidel Castro alikuwa amesoma hadharani, huko Havana, barua nyingine ya Che: ile ya kuwaaga Wacuba. Dunia nzima ilikuwa inauliza yuko wapi. Alikuwa jirani yetu.

Nasema jirani kwa maana ya ziwa. Mimi ni mtoto wa Mpanda, na Mama ni mtu wa Karema, kule ufukweni ambako siku ya anga safi milima ya Kongo huonekana kama mstari wa moshi uliosahau kupaa. Boti za Tatu hazikupita Karema. Aliondoka Dar es Salaam kwa gari Aprili 1965, akafika Kigoma, akavuka usiku pamoja na kundi dogo la Wacuba, na alfajiri ya tarehe 24 wakatia nanga Kibamba. Lakini ziwa ni lilelile, na upepo unaowasumbua wavuvi wa Kigoma ndio unaowasumbua wa Ikola na Karema.

Mara ya kwanza niliposoma habari zake nilikuwa chuoni, nasoma historia. Kilichonishika mwanzoni si vita bali majina. Wacuba walifungua kamusi ya Kiswahili wakajipa majina kwa kuhesabu. Víctor Dreke, aliyewekwa mbele kama kamanda, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che, ambaye mwanzoni alijificha kwa kujiita daktari na mkalimani, akawa Tatu. Daktari wa kweli wa msafara, Rafael Zerquera, akawa Kumi. Waliokuja baadaye walipewa majina ya aina nyingine: Emilio Aragonés, kwa ukubwa wa mwili wake, akaitwa Tembo, na Oscar Fernández Mell, kwa ukali wa tabia yake, akaitwa Siki. Mwalimu wa Kiswahili wa Tatu alikuwa kijana wa Kikongo wa miaka 16, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alipelekwa Cuba, akasomea udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo.

Kwa hiyo amri ya vita ilizaliwa kwa Kihispania, ikavaa Kifaransa, ndipo ikamfikia askari kwa Kiswahili. Habari za mstari wa mbele zilirudi kwa njia hiyohiyo, na kila palipokuwa na mkono wa kupokezana paliongezwa chumvi.

Hilo ndilo lililomchosha Tatu kuliko risasi. Ukisoma maandishi yake ya Kongo utaona kwamba sehemu kubwa ni habari ya barua na taarifa: nani kaandika nini, imefika lini, ina ukweli kiasi gani. Laurent Kabila, mkubwa wa eneo lile la mapigano, alikuwa akituma ujumbe kutoka ng'ambo kwamba anakuja. Anakuja kesho. Amechelewa kidogo. Amepata mkutano. Alivuka mapema Julai, akakaa siku chache, akarudi Kigoma. Leonard Mitoudidi, ambaye Tatu alimwona kuwa kiongozi makini wa kufanya naye kazi, alizama ziwani tarehe 7 Juni, siku ambayo hakukuwa na vita vyovyote. Ni maji tu. Mwishoni mwa mwezi huo, tarehe 29, wakashambulia kituo cha Front de Force huko Bendera. Wacuba wanne walikufa, na adui akapata ushahidi kwamba kuna Wacuba ndani ya Kongo. Wapiganaji wengi walikimbia, na wakasema dawa ya mganga haikufanya kazi. Kutoka vituo vingine zilikuja taarifa za ushindi: adui kapigwa, kapigwa vibaya. Tatu alijifunza kuzisoma taarifa hizo kama mkulima anavyosoma wingu lisilo na mvua.

Yeye mwenyewe alijiwekea sharti la kuandika hali kama ilivyo. Alipotoka Kongo usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba, alikwenda kujifungia katika ubalozi wa Cuba hapo Dar es Salaam, akatumia miezi ya mwanzo ya 1966 kugeuza shajara yake kuwa kitabu. Tangu ukurasa wa mwanzo alikiri kwamba anachosimulia ni kushindwa. Maandishi hayo yalikaa kabatini zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa yote.

Ningeweza kuishia hapo, nikamsifu ofisa aliyesema kweli. Ila mwaka niliposoma maandishi hayo ulikuwa 2017, na nyumbani kwetu, mtaa wa Makanyagio, tulikuwa na ofisa wetu.

*

Kaka yangu ni mwanajeshi. Mwaka huo alikuwa luteni, na alikuwa Kongo, Kivu Kaskazini, katika kikosi cha Tanzania ndani ya ile brigedi ya kujibu mashambulizi ya Umoja wa Mataifa. Brigedi hiyo iliundwa mwaka 2013 kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, na askari wake wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwaka huohuo waasi wa M23 walishindwa. Waliobaki msituni karibu na Beni walikuwa wengine, ADF, ambao huua wanavijiji kwa mapanga usiku.

Mambo hayo mimi niliyasoma magazetini. Kutoka kwa Kaka tulikuwa tunapata maneno matatu. Kila Jumapili baada ya misa, simu ya Mama ilikuwa inatoa mlio, namba inaanza na 243, na ujumbe ni uleule: "Mama, hali ni shwari." Wakati mwingine aliongeza, "Nasalimia wote." Mara moja alituma picha ya ndizi.

Mama haoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo kazi ya kusoma ilikuwa yangu. Nilikuwa nasoma, ananyamaza kidogo, kisha ananiambia nisome tena, kana kwamba katika maneno matatu pangeweza kuwa na la nne nililoliruka. Halafu anaagiza jibu. Jibu nalo lilikuwa halibadiliki. "Mwambie sisi wazima. Mwambie mpunga umekubali. Mwambie asiache kuvaa sweta."

Mpunga mwaka ule haukukubali. Na Mama hakuwa mzima. Mwezi Novemba presha ilimpanda hadi akalazwa siku nne. Alipokuwa kitandani, drip mkononi, simu ikalia, akaniashiria nimpe. Akabonyeza kitufe cha sauti, akakohoa pembeni kwanza ili kukohoa kuishe, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake: "Baba, sisi hatujambo. Nipo hapa naosha vyombo." Aliporudisha simu aliniangalia kwa jicho ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Halihitaji maelezo.

Kwa hiyo kati ya Beni na Mpanda palikuwa na watu wawili wanaopendana, wanaandikiana kila wiki, na hakuna hata mmoja anayemwambia mwenzake kitu.

*

Ni katika siku zile za hospitali ndipo nilipomsimulia Mama habari za Tatu. Alitaka kitu cha kumpitishia muda, na mimi nilikuwa na kitabu hicho tu, tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimoyomoyo kisha namsimulia kwa lugha yetu.

Majina yalimfurahisha. "Tatu si ni jina la mtoto wa kike aliyefuata wawili?" Kwa Siki alicheka hadi muuguzi akaja kutazama. Nilipomwambia kwamba wapiganaji wa Kongo walikuwa wakizungumza Kiswahili, alisema anajua, amewasikia. Mwaka 1965 alikuwa na miaka saba. Anakumbuka watu wa ng'ambo wakishuka Karema na mitumbwi, wamebeba masufuria na watoto, wakiomba "mayi" badala ya maji, na watoto wa Karema wakiwaiga kwa wiki nzima hadi bibi akawachapa.

Mkoa wetu umezoea kupata habari za vita kwa namna hiyo, zikiwa zimebebwa kichwani. Miaka hiyohiyo ya 1960, Wanyarwanda waliokimbia nchi yao walipewa ardhi kule Mwese, kwenye baridi ya mlimani. Baada ya mauaji ya 1972 huko Burundi wakaja watu wa Katumba, kisha mwishoni mwa muongo huo ikafunguliwa Mishamo. Nimesoma darasa moja na watoto wa Katumba. Hawakuwa na barua za kutuonyesha. Walikuwa na wazazi ambao hawakupenda kukaa wakiupa mlango mgongo.

Nilipofika kwenye ile barua ya tarehe 5 Oktoba, Mama alisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia, "Unaona, huyu alisema kweli yote." Nadhani nilitaka aelewe kwamba inawezekana.

Akauliza, "Na mama yake alimwambia nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikwenda kulitafuta.

*

Mama yake aliitwa Celia de la Serna, na alikuwa Buenos Aires. Mwezi Machi 1965, wakati safari ya Kongo inaandaliwa kwa siri, mwanawe alimwandikia kwamba anaacha madaraka ya serikali. Atakwenda kukata miwa siku 30. Baada ya hapo atasimamia kiwanda kwa miaka mitano.

Miwa. Mtu yuko njiani kuja kwenye Ziwa Tanganyika na pasipoti yenye jina la uongo, na mama yake anaambiwa habari za miwa. Nilipoisoma sentensi hiyo nilisikia sauti ya Mama: nipo hapa naosha vyombo.

Celia hakumwamini. Katikati ya Aprili alimwandikia jibu lenye mashaka ya mama anayemjua mwanawe. Barua hiyo haikumfikia. Wakati inatafuta njia, mwanawe alikuwa ameshavuka kutoka Kigoma. Tarehe 19 Mei, Celia akafa kwa saratani. Siku chache baadaye mjumbe kutoka Cuba, Osmany Cienfuegos, alifika Kibamba na kundi jipya la wapiganaji, na kati ya habari alizoleta ilikuwamo hii: simu imepigwa kutoka Buenos Aires, mama yako ni mgonjwa sana. Ilisemwa kwa namna ambayo msikilizaji anaelewa kwamba ajiandae kwa lililo baya zaidi. Che alikaa karibu mwezi mzima na neno "mgonjwa sana" kabla ya kupata uhakika. Katika kitabu ambacho kimejaa vifo, kushindwa na kukimbia, aliandika kwamba hiyo ndiyo habari iliyomhuzunisha kuliko zote katika vita vile.

Basi huyo ndiye msema kweli wangu. Kwa mkuu wake aliandika idadi, makosa, majina ya wazembe. Kwa mama yake aliandika miwa. Na si kwamba alikuwa watu wawili. Taarifa ya kijeshi inaandikwa kwa mtu anayeweza kufanya jambo: kuleta boti, kuzuia fedha, kusitisha vita. Fidel aliposoma ile barua alikuwa na uwezo wa kuamua, na mwezi uliofuata, Tanzania ilipoomba msaada wa Wacuba usitishwe baada ya wakuu wa Afrika kukutana Accra, alimjibu kwamba wafanye kila kitu isipokuwa upuuzi, na kama kubaki hakuna maana, waondoke. Ukweli ulipata mahali pa kufanya kazi. Celia angefanya nini na ukweli? Angekaa nao sebuleni.

Nilimrudishia Mama hadithi hiyo alipokuwa ameruhusiwa, tukiwa nyumbani. Alisikiliza, akakunja khanga yake mapajani, akasema, "Alijua. Mama yake alijua siku nyingi." Kisha akaniambia nikatoe nguo kwenye kamba, mvua inakuja.

*

Alhamisi tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi ndogo ya Semuliki katika eneo la Beni ilishambuliwa. Mapigano yalichukua saa nyingi. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema ni shambulio baya zaidi kwa walinda amani katika historia ya karibuni. Waliokufa walikuwa Watanzania. Idadi ya kwanza ilikuwa 14, baadaye 15. Zaidi ya 40 walijeruhiwa.

Habari zilitufikia Ijumaa. Hazikuletwa na mtu. Zilikuja kwenye makundi ya WhatsApp, zikiwa na picha zisizohusika, sala, na majina ya uongo yaliyoongezwa na watu wasiojua wanachofanya. Nilimzimia Mama data kwenye simu. Haikusaidia, kwa sababu jirani alikuja na yake mkononi.

Nitasema tu niliyoyaona. Mama hakulia. Alifua. Alifua mashuka yote ya nyumba ile, pamoja na yaliyo safi, akayaanika, akakaa kwenye kigoda akiyatazama yakikauka. Nilipiga ile namba ya 243 mara nyingi kiasi kwamba nakumbuka mpaka leo mpangilio wake kama wimbo. Haikupatikana. Jumamosi ilikuwa Siku ya Uhuru. Redio ilipiga nyimbo za taifa, na wimbo mmoja ulipotaja jeshi, Mama alinyoosha mkono akapunguza sauti, hakuizima.

Saa kumi jioni simu ikalia. Ujumbe wa maandishi. Niliusoma kwa sauti kabla sijausoma kwa macho.

"Mama, nipo."

Hakuandika shwari. Katika miezi yote ile lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilotuandikia, na lilikuwa na maneno mawili. Mama alichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaishika karibu na uso wake, akayatazama maandishi ambayo hawezi kuyasoma. Kisha akasema, "Mjibu: na sisi tupo."

*

Kaka alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda, na alikuwa na tabia mpya ya kula haraka huku amesimama. Watu wa mtaani walikuja kumsalimia na kumuuliza kulikuwaje huko. Aliwajibu kwamba kulikuwa na matope. Ikawa utani: ukimuuliza Luteni habari za Kongo, anakuambia habari za matope.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda Karema, mimi, yeye na Mama, kumwona mjomba. Njia ile ni ndefu na ina vumbi, na mtu akishakaa kwenye gari saa nyingi husema asiyoyapanga. Tulipokuwa tunashuka kuelekea ziwani nilimuuliza kama kule alikuwa akiandika chochote zaidi ya zile salamu za Jumapili. Alisema aliandika kila siku. Taarifa ya asubuhi, taarifa ya jioni: watu wangapi, wagonjwa wangapi, risasi ngapi, mafuta lita ngapi. "Ripoti ina sehemu ya kujaza kila kitu," alisema. "Nikitaka kuandika nyumbani, sioni sehemu ya kujaza."

Kisha akasema kwamba baada ya Semuliki alikuwa miongoni mwa waliopangiwa kuorodhesha vitu vya wenzao waliokufa ili virudishwe kwa familia. Yeye hakuwapo kwenye kambi ile usiku huo, ila wengine alikuwa amelala nao chumba kimoja wakati wa mafunzo. Unakaa mezani na karatasi yenye safu mbili. Simu, moja. Sweta, moja. Biblia, moja. Kandambili, jozi moja. Picha za watoto, mbili. "Hiyo ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizoandika Kongo," alisema. "Na niliandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu nilijua mama wa mtu ataishika."

Nilimtazama Mama kupitia kioo cha mbele. Alikuwa amefumba macho kama mtu aliyelala. Hakuwa amelala.

"Na wewe," Kaka alisema bila kugeuka, "siku ile uliyokuwa unaosha vyombo."

Gari lilikuwa kimya.

"Nyuma yako kulikuwa na mtu anaita majina. Anasema wenye kadi zao wasogee dirishani. Mama, jikoni kwetu kuna dirisha la kadi?"

Mama alifumbua macho. "Mbona hukuniuliza?"

"Ungeniambia nini?"

"Ningekuambia mpunga umekubali."

Walicheka wote wawili, kicheko kirefu ambacho mimi sikuingia ndani yake, kwa kuwa hakikuwa changu. Kilikuwa cha watu waliokuwa wameandikiana mwaka mzima kwa wino usioonekana, na kila mmoja alikuwa ameisoma barua ya mwenzake tangu siku ilipofika.

Tulipofika, ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Hakuna wimbi. Mjomba, ambaye amevua migebuka tangu utotoni, alikataa kutoa mtumbwi. Alituambia kwamba shwari ya namna hiyo, mwezi huo, haikumpendeza. Ziwa likinyamaza hivyo linakuwa na neno. Usiku upepo ulikuja kutoka upande wa Kongo ukang'oa bati mbili za jiko lake. Asubuhi Kaka alipanda juu kuzirudisha, na Mama akawa anamwelekeza kutoka chini mahali pa kupigilia misumari, ingawa hakuona vizuri mahali penyewe.

*

Nimeendelea kumsoma Tatu tangu wakati ule. Sehemu inayonirudia zaidi siku hizi ni mwisho: boti zinapoondoka usiku kwenda Kigoma, nafasi hazitoshi, na wapiganaji wa Kongo wanabaki ufukweni. Aliandika jambo hilo bila kujitetea, na hakuliremba. Hapakuwa na mama yeyote tena wa kumwandikia kwamba anakata miwa. Labda ndiyo maana kitabu kile kina ukweli mwingi hivyo. Aliyekuwa anastahili kudanganywa alikuwa ameshaondoka.

Kaka sasa ni kapteni, yuko kikosini, mbali na Mpanda, ila ndani ya nchi. Namba yake haianzi tena na 243. Bado anatuma ujumbe Jumapili, lakini kwa sauti, na umekuwa mrefu. Wiki iliyopita ulikuwa wa dakika nne. Alisema mvua imekata barabara, vijana wake wawili wana malaria, goti lake la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, na kwamba usiku mmoja aliota wale wenzake wa Semuliki wamekaa mezani wanamsubiri aanze kula.

Mama aliniambia niurudie tangu mwanzo. Nikaurudia. Kisha akachukua simu, akabonyeza kitufe, na safari hii hakukohoa pembeni.

"Baba, nimesikia. Kwa goti, paka mafuta ya moto usiku. Hao wenzako ukiwaota tena wasalimie, waambie kwetu wanakaribishwa. Mimi presha imepanda, daktari kaniambia niache chumvi. Chumvi nimeacha. Mgebuka sijaacha."